MZIZI ULIOBAKI MKEKANI

Juma lililopita tulimwacha Vasemaca amepiga magoti mkekani, mikononi mzizi wa yaqona, zawadi ya mgeni anayeomba kupokewa, kiwanda kizima cha kushona sare kimemzunguka. Mashine zilikuwa zimezimwa kwa ajili yake. Pazia la chumba cha vitambaa lilifunguka, mkuu wa safu akatoka kuja kumpokea mgeni, na Vasemaca akainua uso amwone mtu atakayemshika mkono katika riziki yake mpya.

Alikuwa Sakiusa.

Sakiusa mtoto wa baba yake mkubwa. Sakiusa aliyelelewa naye nyumba moja kule Nakorowai milimani, wakala sahani moja, wakapigwa kwa fimbo moja, mpaka siku Vasemaca alipovunja ungo. Tangu siku ile hawajasemezana. Hawakugombana hata kidogo. Ni heshima tu. Kwa watu wa Nakorowai, kaka na dada wakishakua hawaitani majina, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawaketi mkeka mmoja. Vasemaca alijua kaka yake amekwenda New Zealand kuchuma matofaa. Kwamba amerudi, na kwamba ndiye mkuu wa safu katika kiwanda hiki hapa Lautoka, hakuna aliyemwambia.

Sakiusa alisimama kama mtu aliyekanyaga mwiba. Futi ya kupimia ilimning'inia shingoni. Alitazama mara moja, akainamisha macho, akageuka, akarudi nyuma ya pazia.

Mzizi haukupokelewa.

"Kamkataa," alinong'ona mmoja.

"Sakiusa hajapata kumkataa mtu."

"Labda kuna jambo tusilolijua. Mtu hakataliwi bure."

Vasemaca akauweka mzizi mkekani polepole, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia, akatazama nje.

Ukuta wa kiwanda kile upande wa barabarani ni wavu mtupu, wa kupitisha upepo. Ng'ambo ya wavu, chini ya kibanda cha mlinzi, mama mkwe wake Losalini alikuwa ameketi juu ya mkeka uliokunjwa. Mkono mmoja ameshika mwamvuli, mwingine amemshika Mere, binti pekee wa Vasemaca, aliyevalishwa gauni la kanisani kama mtoto anayesafirishwa.

Na ndivyo ilivyokuwa. Meli ya kisiwani kwao Losalini ilikuwa gatini ikipakia saruji na unga, nayo ingeng'oa nanga jioni ile ile. Ikishaondoka, haijulikani itarudi lini.

Asubuhi Losalini alikuwa amesema maneno yake kwa sauti ya chini, maana yeye si mtu wa kupandisha sauti.

"Mwanangu amekufa, Vasemaca. Wewe huna kazi, na mjini hapa huna mtu. Mimi nitakaa pale langoni nitazame. Watu wa kiwanda wakikupokea, mtoto abaki na wewe. Wasipokupokea, naondoka naye. Na nikiona umekanyaga mila ili upate kazi, naondoka naye vile vile. Sitamwachia mjukuu wangu ajifunze hayo."

Neno la Losalini likishatoka halirudi. Marehemu mumewe Vasemaca alizoea kusema kwamba mama yake akiahidi mvua, wewe anua nguo.

Basi Vasemaca alibaki magotini pale, akamwomba Mungu kimoyomoyo, wala hakujua aombe nini.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia. Sakiusa alikuwa akiongea na nguzo, asije akamsemesha dada yake.

"Jamani, mwambieni mgeni asiogope. Sikumkataa. Huyo ni dada yangu, mtoto wa baba yangu mdogo. Mimi siwezi kuupokea mzizi wake. Mzee Apisai wa chumba cha kukata amekwenda bandarini kuchukua vitambaa. Akirudi saa ya chai ya jioni, ataupokea yeye. Mzizi uacheni pale pale, asiuguse mtu. Mgeni aanze kazi."

Kumbe. Pumzi zikashuka chumba kizima. Wanawake wale wale waliokuwa wakinong'ona wakaanza kumwonea huruma.

"Siku hizi wanaajiri kama wanaokota kuni," alisema mama mmoja mfupi, mwenye mvi, aliyesimama mbele ya pasi. Jina lake Bhagwati, na alikuwa pale tangu kiwanda kinafunguliwa. "Alipokuwapo Bwana Prasad, ukija kuomba kazi anakuuliza kwanza kijiji, ndipo akuulize cherehani. Asingekuweka chini ya kaka yako hata kwa dawa. Huyu bwana mpya ameuliza nini?"

"Ameniuliza kama najua kushona."

"Basi. Akaridhika. Haya, mwanangu, inuka, kuku mgeni hakosi kamba mguuni."

Vasemaca akainuka. Saa ya chai ya jioni. Meli ingekuwa bado ipo. Kumbe Mungu hakuwa amelala.

* * *

Wakati wa kuonyeshwa kiti chake, mwanamke mrefu mwenye nywele zilizotuna kama mti wa kahawa akamzuia njia.

"We wa wapi?"

"Nakorowai."

Yule mwanamke akapiga kofi moja kubwa. "Mla popo. Nilijua tu. Nimesikia harufu tangu uko langoni, nikasema ama kuna popo darini ama amekuja mtu wa Nakorowai. Mimi Ulamila, wa Vunikura."

Watu wa Vunikura na watu wa Nakorowai ni watani tangu mababu. Mtani akikutukana, unacheka. Mtani akichukua chako, kimekwenda.

Ulamila akakinyakua kifurushi cha Vasemaca, akakifungua, akatoa muhogo na kipande cha samaki, akaanza kula mbele yake.

"Hiki ndicho chakula cha mchana?" alisema mdomo umejaa. "Mmepika kwa machozi huko kwenu? Hakina hata chumvi."

"Kula tu," Vasemaca alijibu. "Nilimpikia mbwa, lakini hakuja."

Chumba kikaangua kicheko. Ulamila mwenyewe alicheka mpaka akapaliwa. Vasemaca naye akacheka, japo tumbo lilikuwa tupu tangu jana, kwani muhogo ulikuwa ule tu. Walau hapa palikuwa na mtu wa kumtukana. Anayetukanwa na mtani amekwisha kufika nyumbani nusu.

Cherehani yake ilikuwa ya mwisho kabisa, nayo ilikuwa imegeuzwa ikatazama ukuta. Sakiusa ndiye aliyeigeuza Vasemaca alipokuwa bado mkekani, ili dada yake asilazimike kumwona kila akiinua kichwa. Heshima hiyo Vasemaca aliielewa bila kuambiwa. Hakujua kwamba ndiyo itakayommaliza.

Kazi ilikuwa mashati ya wauguzi, meupe, ya kitambaa cha kung'aa, yaende ng'ambo. Vasemaca angeshona mifuko ya kifuani.

Sakiusa akaiambia nguzo: "Ulamila, mfikishie mgeni. Mfuko ukae kushoto, usawa wa kifungo cha pili. Asivute kitambaa, kinakumbuka."

Ulamila akaenda mpaka kwa Vasemaca, akainama sikioni pake, uso mkavu kama mchungaji kwenye maziko.

"Kaka yako anasema mfuko ukae kulia."

"Kulia?"

"Kulia. Wauguzi wa huko wanaandika kwa mkono wa kushoto. Wote. Ndivyo walivyoumbwa."

Siku nyingine yoyote Vasemaca angemtupia rili ya uzi. Lakini mwenye shida hana masikio ya mzaha. Aligeuka kidogo, akaona mgongo wa kaka yake mbali, mgongo ambao hauulizwi swali.

"Ulamila, hebu muulize tena."

"Unataka kumhoji kaka yako siku ya kwanza?"

Vasemaca akakigeuza kitambaa mkononi. Alikumbuka shati la marehemu mumewe, mfuko wake ulikuwa kushoto. Lakini haya ni ya ng'ambo, akajiambia, na watu wa ng'ambo wana yao. Akaweka kitambaa chini ya sindano.

Ulamila akarudi kitini akijizuia kucheka. Nia yake ilikuwa amwache ashone mfuko mmoja tu, kisha aje amfumulie mwenyewe wacheke pamoja, iwe hadithi ya kukaribishwa kwake miaka yote. Wageni wote wa pale wamepitishwa hivyo, kila mmoja kwa mtani wake. Yeye mwenyewe alipokuja alitumwa stoo kuomba uzi wa kushonea mvua.

Lakini hajakaa vizuri, meneja akachungulia mlangoni.

"Ulamila, njoo stoo. Mnunuzi amefika, anataka kuona vifungo."

Akaenda. Mlango wa stoo ukafungwa nyuma yake.

Vasemaca alishona. Alishona kama mtu anayekimbizwa. Kila mfuko ulikuwa Mere. Mfuko huu Mere anabaki. Na huu Mere anabaki. Mshono ulinyooka kama mstari wa daftari, na fungu likipanda linachukuliwa, linakwenda kutiwa vifungo, linakwenda mezani kwa pasi. Hakuinua kichwa. Mbele yake palikuwa na ukuta.

* * *

Bhagwati ndiye aliyeona.

Alilitandaza shati mezani, akashika pasi, akaishusha tena. Akalitandaza la pili. La tatu. Kisha akaja mpaka cherehani ya mwisho, mashati mkononi.

"Mwanangu, haya umeyashonea kwenye kioo?"

"Kwa nini, mama?"

"Mfuko uko kulia."

"Ndivyo alivyosema kaka."

"Sakiusa aseme hivyo?" Bhagwati alimtazama, kisha akatazama kiti kitupu cha Ulamila, akafahamu yote. Uso ukamshuka. "Ole wetu."

Vasemaca alikwisha shika kiwembe cha kufumulia. Alikata nyuzi za kwanza, akaubandua mfuko, na pale ulipokuwa pakabaki matundu yamejipanga kama nyayo za kuku mchangani. Kitambaa kile kikitobolewa hakisahau. Akasugua kwa kucha. Akasugua kwa mate. Matundu yakakaa pale pale yakimtazama.

"Leta hapa," ilisema sauti juu yao.

Alikuwa Bwana Hadlow, meneja mpya kutoka Melbourne, na nyuma yake mnunuzi aliyevaa miwani. Mnunuzi alilichukua shati, akaligeuza, akalirudisha bila neno, akatoka nje kupiga simu. Kutoka kule kulikuwa kubaya kuliko matusi.

Bwana Hadlow hakuwa mtu mbaya, msomaji. Ningependa kukuambia alikuwa mbaya, tungemchukia tukapumzika. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye mashati yaliyoharibika na mteja anayeondoka.

"Sakiusa, ulimwambia ashone kulia?"

"Nilisema kushoto, bwana," Sakiusa alijibu, macho chini.

"Na wewe, mama. Nani alikuambia kulia?"

Vasemaca alisimama na kiwembe mkononi. Akisema ni kaka, amemsingizia mtu asiyeweza hata kumjibu. Akimtaja Ulamila, ameshitaki mtani kwa utani, jambo ambalo halijapata kufanywa na mtu wa Nakorowai. Akinyamaza, meli iko gatini.

"Aliyeshona ni mimi, bwana," alisema.

"Sikuuliza nani ameshona."

"Ni mimi tu, bwana."

"Basi sina la kufanya. Siku ya kwanza, na—"

"Ni mimi." Ulamila alikuwa mlangoni, kopo la vifungo mkononi, rangi imemtoka. "Mimi ndiye nilimdanganya. Ulikuwa utani, bwana. Nilitaka kurudi nimwambie, ukaniita stoo."

"Utani." Bwana Hadlow alilitamka neno lile kama anaonja kitu kilichochacha. "Umeharibu kazi ya watu wote kwa utani. Katoe vitu vyako kabatini."

Kopo likamwanguka Ulamila. Vifungo vikatawanyika sakafuni, na hakuna aliyeinama kuviokota. Alikuja pale msichana, sasa ana watoto wanaosoma.

Bhagwati akajitosa.

"Bwana, subiri. Kosa hili si la mmoja. Huyu mgeni hakuweza kumuuliza msimamizi wake. Sakiusa ni kaka yake."

"Kama ni kaka yake, si ndiyo ingekuwa rahisi zaidi?"

"Hawasemezani, bwana."

"Hawasemezani?" Bwana Hadlow akalishusha shati. Akamtazama Sakiusa, akamtazama Vasemaca, akaona jinsi walivyopeana migongo, jinsi cherehani ilivyogeuzwa ukutani. Hasira ikamtoka usoni, ikaja huruma, na huruma ile ndiyo iliyoleta balaa. "Ahaa. Sasa naelewa. Wamegombana."

"Hawakugombana, bwana, ni—"

"Bhagwati, ngoja. Mimi nilikuwa na ndugu yangu. Tulikaa miaka bila kusemezana, kwa jambo la kipuuzi tu. Akafa hatujasemezana." Akawageukia wote. "Sitaki kuona hilo likitokea hapa. Sikilizeni wote. Leo ni siku ya kumkaribisha mgeni, basi tumkaribishe kwelikweli. Mteja nitaongea naye mimi. Ulamila, rudi kitini, yamekwisha. Mama, wewe nimekuajiri, kuanzia dakika hii, kazi ya kudumu. Nataka kitu kimoja tu. Sakiusa, njoo hapa. Mpe dada yako mkono. Mtazame usoni, mwite jina lake, mwambie karibu."

Mvuke wa pasi ulilia peke yake. Wanawake waliangalia vidole vya miguu yao. Msichana mmoja alijifunika uso kwa shati alilokuwa akilitia vifungo, kama mtu anayeona jirani amevuliwa nguo.

Bwana Hadlow akatabasamu kuwatia moyo. "Si jambo gumu."

"Na isipowezekana, bwana?" aliuliza Bhagwati polepole.

"Mama Bhagwati, siwezi kuwa na safu ambayo mshonaji hawezi kumuuliza msimamizi. Umeona mwenyewe kilichotokea. Isipowezekana, mgeni aende, na Ulamila naye aende, maana nitakuwa nimesamehe bure."

Vasemaca alitazama wavu.

Losalini alikuwa amesimama. Mwamvuli ameufunga. Vidole vyake vilikuwa vimeshika wavu, na kila neno lilikuwa limemfikia, maana wavu hauzuii neno. Pembeni yake Mere alikuwa ametia pua yake ndogo kwenye tundu la wavu. Alipoona mama yake amemtazama, akapunga mkono.

Akimpa kaka mkono, kazi ni yake na mtoto anapanda meli. Asipompa, kazi hana na mtoto anapanda meli.

Alitafuta mlango wa tatu katika akili yake. Hakuuona.

Ndipo Sakiusa akasogea. Hatua moja. Watu wakashika vinywa. Lakini hakwenda kwa dada yake, alikwenda kwenye nguzo. Akaivua futi shingoni, akaikunja taratibu, akaitundika kwenye msumari.

"Mwambieni bwana mimi naacha kazi," aliiambia nguzo. "Abaki mgeni kazini. Wampe msimamizi mwingine."

"Sakiusa." Bwana Hadlow alikuwa kama mtu aliyepigwa kofi. "Unaacha kazi ili usimpe dada yako mkono? Alikutendea nini huyu mwanamke?"

Utamjibu nini mtu anayeona upendo mkubwa namna ile akadhani ni chuki?

Vasemaca hakupata kupewa kitu kikubwa kama kile maishani mwake. Na alijua hawezi kukipokea. Sakiusa ana nyumba iliyojaa watoto. Na hata kama angekuwa peke yake duniani, dada hali chakula kwa kumvua kaka yake nguo. Mere angekua ale mkate huo, siku moja aulize umetoka wapi.

Aliweka kiwembe juu ya cherehani.

"Mama Bhagwati, mwambie kaka yangu airudishe futi shingoni. Mwambie nimeona alichotaka kufanya, na baba zetu wawili wameona huko waliko. Mwambie bwana asante, yeye ni mtu mwema, kazi yake ni nzuri. Ni mimi nisiyeiweza. Na Ulamila asifukuzwe. Namwombea. Aliyekosea kusikia utani ni mimi."

"Sikuelewi, mama," alisema Bwana Hadlow, na macho yake yalionyesha kweli hakuelewa.

"Najua, bwana."

Akaupita mkeka. Mzizi ulikuwa bado pale, haujapokelewa wala haujarudishwa, maana mzizi ukishawekwa haubebwi tena nyumbani. Akaupita bila kuuangalia.

Mlangoni Ulamila alimshika gauni.

"Mtani." Alikuwa akilia waziwazi, kamasi zinamshuka. "Nitukane."

"Niache nipite, Ulamila."

"Nitukane, mla popo. Nitukane hata neno moja tu, nipate kulala leo."

Vasemaca alitafuta tusi. Alilitafuta kwa moyo wote, maana alimwonea huruma. Hakupata hata moja.

* * *

Losalini alimngojea langoni, Mere amejishika kwenye sulu, nguo aliyojifunga bibi yake kiunoni.

"Nimeona yote," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Umefanya kama binti wa watu. Mwanangu hakukosea alipokuoa."

Moyo wa Vasemaca uliruka. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kusikia neno kama lile kutoka kinywa kile. Akapiga magoti pale pale kwenye vumbi la barabara, akashika miguu ya mama mkwe wake.

"Basi, mama, niachie mtoto. Nitatafuta kwingine, nitafua nguo za watu, nitauza maandazi sokoni. Umeona mwenyewe sikukanyaga kitu."

Losalini alitazama mbali, upande wa bandari. Kidevu chake kilitetemeka mara moja tu, akakibana.

"Wamekupokea?"

"Mama—"

"Nakuuliza, Vasemaca. Wamekupokea au hawakukupokea?"

Malori yalipita, vumbi likapanda, likashuka.

"Hawakunipokea."

"Basi shika mkeka huo. Mgongo unaniuma. Nisaidie kuubeba mpaka gatini."

Akaubeba. Ndiyo, msomaji, aliubeba mwenyewe begani, mkeka ambao mwanawe angeulalia kisiwani, na mkono mwingine amemshika Mere, na Losalini mbele yao anatembea kama mtu anayekwenda kanisani. Mere alikuwa akiruka vidimbwi.

"Mama, tiketi yako wewe anayo bibi?"

"Tembea, mwanangu, usilowe."

"Anayo?"

"Tembea."

Alisali akienda. Haikuwa sala ya maneno mazuri. Bwana, nimeshika ulichoniambia nishike. Mbona mkono unaoshika ndio unaonyang'anywa? Hakusikia jibu, ila honi ya meli, ndefu, iliyomtoa ndege juu ya paa la ghala.

Gatini watu walikuwa wakisukumana na magunia na kuku na magodoro. Losalini alipanda kwanza, ameshikwa mkono na baharia. Mkeka ukafuata. Kisha baharia akainama kwenye ukingo, akanyoosha mikono miwili.

"Haya, mama, lete mtoto. Tunaondoka."

Vasemaca alimwinua Mere. Alikuwa mwepesi kuliko siku zote. Mtoto sasa ndipo alipofahamu, maana miguu ya mama yake haikusogea kupanda. Akamkaba shingoni kwa mikono yote miwili, wala hakulia, alikaba tu.

"Mwachie, Vasemaca," alisema Losalini kutoka juu, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Mwachie upesi. Ukichelewa ndipo kunauma zaidi."

Akaibandua mikono ya mwanawe shingoni, kidole kwa kidole. Baharia akamshika mtoto kwapani.

"Vasemaca."

Jina lake. Limeitwa kwa nguvu, kutoka nyuma, juu ya vichwa vya watu.

Mara ya mwisho sauti ile kumwita jina, ilikuwa bado ya kitoto, na yeye alikuwa juu ya mpera anaogopa kushuka. Watu wa milimani waliokuwa gatini, wachukuzi na wauza samaki, wote wakageuka kama waliovutwa kwa kamba moja. Mwanamume anamwita dada yake jina, hadharani. Mwanamke mmoja akashusha kapu lake, akajishika kifua, maana jambo la namna ile husikika kwenye msiba, tena si kila msiba.

Sakiusa alikuwa akipasua umati, shati limemganda kwa jasho. Hakuinamisha macho. Alikuwa akimtazama dada yake usoni, moja kwa moja, naye analia.

Juu ya meli Losalini alimwona, na badala ya kukasirika, akawa mweupe kama jivu. Akakaa chini juu ya mkeka wake, kama mtu anayejua tayari kitakachosemwa.

"Vasemaca, dada yangu, usimpe mtoto. Usimpe," alisema Sakiusa, pumzi zinamkatika. "Mzee Apisai amerudi kutoka bandarini na habari. Muulize mama mkwe wako huko kisiwani anampeleka kwa nani."

Kamba ya mwisho ya meli ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Maji yalianza kupanuka kati ya gati na chuma, na Mere alikuwa bado hewani, nusu mikononi mwa baharia, nusu mikononi mwa mama yake.